Mstari Mwekundu wa Bi Brashi

Bi Brashi alikuwa mchoraji wa mandhari ya jukwaani. Wenzake ukumbini walimpa jina hilo kwa sababu hata akienda harusini kucha zake zilikuwa na rangi. Mpe mbao na turubai, kesho utakuta nyumba yenye nyufa na dirisha lenye vumbi, nawe utaapa kwamba ndani wanaishi watu.

Mdogo wake alikuwa mwigizaji. Kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo, walimwita Chiriku. Mama yao alifariki Chiriku akiwa bado ananyonya, na Bi Brashi ndiye aliyemlea, akipaka rangi huku mtoto amelala mgongoni.

Mchoraji huyu alikuwa na sheria yake. Jukwaa lolote lililoinuka, alilipiga mwenyewe mstari mweupe ukingoni, maana waigizaji hutembea gizani kwa kufuata alama za sakafuni. Safari hii tamthilia ilikuwa ya mjane anayetembea usiku juu ya paa, na paa alilojenga seremala lilimpita mtu kwa urefu. Mwongozaji alipouona mstari, akashika kichwa.

"Mama, huo mstari unaniulia usiku wangu! Hili ni paa au uwanja wa mpira?"

"Mtu atavunjika shingo, baba."

"Basi weka rangi nyingine. Yoyote, ila si nyeupe."

Bi Brashi akanuna. Onyesho lilikuwa kesho, na milango ya jukwaani aliyoipaka ilikuwa haijakauka. Akatwaa kopo lililokuwa karibu, la nyekundu, akaufunika ule mweupe. Chini ya balbu ya kawaida mstari ulionekana vizuri tu. Chiriku, aliyepewa nafasi ya mjane, akapanda peku kuukagua.

"Dada, nitauona kweli?"

"Nilikubeba mgongoni sikukuangusha, nikuangushe leo?"

Fundi taa naye alikuwa na yake. Aliagizwa alete mwezi, akazifunika taa zote kwa karatasi za plastiki za buluu. Fundi wa mavazi akashona gauni la kijivu lipendeze kwenye buluu hiyo. Kila mtu alifanya kazi yake, tena vizuri. Taa zilipojaribiwa, Bi Brashi alikuwa uani anamalizia milango yake. Nyekundu ikimulikwa kwa buluu hugeuka nyeusi. Hilo angekwambia hata akiwa usingizini. Ila hakuna aliyemuuliza, naye, kwa hasira zake, hakuuliza mwezi utakuwa wa rangi gani.

Siku ya onyesho alisimama kando, nyuma ya pazia. Chiriku alikuwa juu ya paa, anamlilia mume wa mjane hadi ukumbi mzima ukanyamaza. Taa zikabadilika. Usiku ukaingia, na mstari ukatoweka mbele ya macho ya aliyeuchora. Bi Brashi akafungua kinywa, kisha akajizuia, maana maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba nyuma ya pazia mtu hapigi kelele. Alipokuwa bado anasita, Chiriku akapiga hatua. Watazamaji walipiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Uti wa mgongo ulivunjika. Daktari hakuzungusha maneno: hatatembea tena. Watu wa ukumbini wakaja na matunda na ule msemo wao, ajali haina kinga. Uongo mtupu. Hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa kopo la rangi nyeupe.

Nyumbani, Bi Brashi alimwosha mdogo wake na kumgeuza kitandani kama enzi za uchanga wake, huku akisubiri lawama. Lawama hazikuja. Asubuhi moja, akichanwa nywele, Chiriku akafungua kinywa.

"Dada, niliutafuta mstari wako."

"Najua, mdogo wangu."

"Sikuuona. Nikajiambia, dada hawezi kunisahau. Kama siuoni, basi ukingo bado uko mbali. Ndiyo maana nikaenda."

Bi Brashi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.