Nilitoroka gym, mtani wangu Mhehe akaja kunililia msiba

Wakuu, salaam kutoka Songea. Hii haina chumvi, mashahidi ni majirani zangu wote.

Mwaka jana wakati wa mavuno nilienda kwa wakwe, Maposeni. Nikajitia kubeba gunia la mahindi. Likanilaza chini, mama mkwe anatazama.

"Pole baba, njoo ukae huku na watoto."

Iliniuma sana wakuu. Nikaapa mavuno yajayo lile gunia nalibeba.

Nikajiunga gym. Mwanzo moto, selfie kila siku. Halafu baridi ya huku (mnaoijua mnaijua) ikanishinda, nikaanza kukumbatia blanketi.

Tatizo ni kwamba partner wangu wa mazoezi ni Mhehe, na mimi Mngoni. Watani hao.

Jumamosi asubuhi nasikia kilio nje. Kufungua mlango, jamaa kaketi chini, kajifunga kanga kichwani:

"Uwiii! Kifua cha mtani kimetutoka! Hata kutanuka kilikuwa hakijatanuka!"

Bibi jirani akaja mbio, kilio tayari kooni. Mke wangu badala ya kunitetea akauliza mazishi saa ngapi.

Kwenye utani ukikasirika umekwisha. Nikauliza marehemu anafufuliwa kwa malipo gani.

"Jogoo. Na Jumatatu gym."

Nilitoa jogoo wangu wa mbegu huku moyo unavuja.

Toka hapo sikukosa. Tena jamaa akanipunguzia uzito: "Mtani, unarusha chuma kama kinakuunguza. Shusha polepole." Akanitoa mbele ya kioo, akanipeleka kwenye squat na deadlift. Nilitembea kama bata, ila mgongo ukakaza.

Mavuno ya mwaka huu, gunia begani mpaka stoo. Mama mkwe kapiga vigelegele! Nikajifanya jambo la kawaida, nikajipangusa vumbi begani. Nilifurahi wakuu, nisiwafiche.

Nilichojifunza: video za kukutia moyo unaweza kuzizima. Mtani hazimiki. Tafuta mtu wa kukuaibisha, na usibebe uzito wa sifa.

Wewe nani anakubana usitoroke mazoezi? Shusha hapo chini, ila nitachelewa kujibu.

Mhehe hajaonekana gym wiki nzima. Hapa nilipo niko mlangoni kwake, kanga kichwani, nasafisha koo. Jogoo wangu namsikia anawika uani.

Leo narudi naye.