Siku Niliyoandika Sina Ndugu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hata pale nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa pili, katika fleti yangu ya Hjulsta, pembezoni mwa mji mkuu, theluji imefunika baiskeli zote uani. Nilikuwa mezani najaza fomu ya kuomba kuwa afisa wa akiba katika jeshi la Sweden. Usicheke. Miaka ile ya themanini walikuwa wakichukua wahandisi wazoefu, watu wa barabara na madaraja, wanawapa mafunzo na cheo, ili vita vikija wasianze kutafutana. Mimi nilikuwa nimewajengea madaraja kwa miaka kumi na miwili, uraia ninao, Kiswidi chao nakisema hadi ndotoni. Lakini kazini bado niliitwa "yule Mwafrika". Nikajisemea, nikivaa nyota begani wataniita kwa jina langu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Fomu ilitaka majina ya wazazi na ndugu, wako wapi, wanafanya kazi gani. Hapo nikakwama. Mdogo wangu Juma, tuliyezaliwa naye tumbo moja kule Arua, alikuwa askari katika jeshi la serikali iliyopinduliwa Uganda. Hakuwa mkubwa, aliendesha lori. Ila niliona Waswidi wakilisoma neno "askari" karibu na neno "Uganda", watanifungia mlango.

Jioni hiyo alikuja kunywa chai Mzee Ramadhani, Mtanzania wa Tanga aliyefua mashuka ya hospitali na kuishi mji wa jirani, Upplands Väsby. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulimfanya baba. Nikamwonyesha fomu, nikamwambia nitaandika kuwa sina ndugu. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mwandike Juma. Wakikukataa kwa sababu yake, umekosa cheo tu."

"Mzee, mambo ya ofisi zao huyajui."

"Ya ofisi siyajui, kweli. Najua mkataa kwao ni mtumwa."

Nilimcheka, Mungu anisamehe. Mfua mashuka anifundishe mimi, injinia! Alipoondoka nikaandika: sina.

Maombi yalikwenda vizuri. Nilipimwa macho na moyo, nikafanya mtihani, nikapewa siku ya mahojiano ya mwisho mbele ya kanali. Siku moja kabla yake, saa nne asubuhi, simu ikalia kazini. Alikuwa polisi wa uwanja wa ndege. Akasema kuna mtu ameshuka na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anaomba hifadhi, na anadai kaka yake ni mimi. Asipopatikana wa kumtambua, atarudishwa alikotoka. Akaniuliza kama nina ndugu.

Nyuma yake nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka tisa: "Kaka! Ni mimi Juma! Juma wa Mama Zainabu! Waambie, kaka!"

Mwanangu, nilimjua. Usinitetee kwa kusema labda simu ilikuwa mbovu. Nilimjua, na nikamjibu yule polisi, "Sina hakika. Nitakuja kesho mchana nimwone." Nilipanga hivi: asubuhi mahojiano, mchana ndugu. Wazee walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani alikuwa anawasikiliza wazee?

Asubuhi yake kanali, mtu mzima mpole mwenye miwani, aliniuliza tena kwa mdomo. Nikasema sina ndugu. Nikatoka hapo mbio hadi uwanja wa ndege. Wakaniambia yule mtu ameondoka na ndege ya saa moja asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemtambua.

Nilirudi kwa kanali siku hiyohiyo, koti halijafungwa, nikamweleza yote huku nalia, nikidhani mwenye cheo anaweza kuirudisha ndege. Hakuweza. Akasema, "Ndugu aliyekuwa dereva jeshini? Tungekuuliza maswali mawili matatu, basi." Akaifunga faili yangu. Akaniambia, bila ukali, kwamba aliyedanganya kwenye maombi hawezi kukabidhiwa watu awaongoze.

Barua ya mama ilifika mwezi wa tano, kaandikiwa na mwalimu wa jirani. Juma alionekana akipandishwa gari na watu wenye bunduki siku aliyorudishwa Uganda, na tangu hapo hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Mwishoni mama aliuliza: "Alituaga kuwa anakuja kwako. Hukumpata?" Nilianza kuijibu barua ile mara nyingi. Mama alifariki sijaijibu.

Mzee Ramadhani alikuja kunipa pole, akakaa nami siku nzima. Hakunisimanga hata kwa neno moja. Heri angenitukana.

Sasa nisikilize, wewe unayejaza fomu zako na kufupisha jina lako ili liwapendeze wenye ofisi. Sikukatazi kuomba cheo. Omba, hata cha jenerali. Lakini usiwatoe watu wako sadaka kwa ajili yake. Hata angekuwa baba mlevi, mwandike; hata angekuwa dada aliyefungwa, mwandike. Wakikukataa kwa hayo utalia siku mbili, kisha utaomba kwingine. Na kama uongo umeshauandika, usingoje kesho ndipo uukane. Ukane hapohapo, aibu ikupate, maana aibu hupoa, na maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa na siku nzima ya kuinua simu na kusema neno moja, na sikulisema.

Mungu akupe ulimi wa kusema "huyu ni wangu" mbele ya yeyote mwenye mamlaka, na akujalie kuwakumbatia walio wako wangali hai. Amina.