Bakteria Watatu Waliolala

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba cha giza, jicho kwenye hadubini, akipima bakteria mmoja mmoja wakiwa hai. Aliwapandikiza alama: jeni ikifanya kazi, bakteria anawaka kijani, ikinyamaza, anafifia. Wenzake wa maabara walimwita Mama Taa.

Mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na kidonda mguuni kisichosikia dawa. Kilifunga, kikafumuka tena, mara nne.

"Unaruka vidonge wewe," Mama Taa alimjia juu mbele ya mkewe. "Ukipata nafuu tu, basi."

"Dada, haki ya Mungu nimemaliza vyote."

"Uongo mtupu!"

Tangu siku hiyo fundi hakupokea simu zake.

Wiki kadhaa baadaye fundi alilazwa hospitalini; daktari alipochukua usaha wa kidonda, Mama Taa alimwomba kidogo. Akaotesha bakteria wake, akawatia alama kwenye jeni ya ukuaji, kisha akawamwagia dawa ileile aliyoandikiwa mdogo wake. Waliokuwa wanawaka walipasuka wote. Watatu tu, waliofifia tangu mwanzo, walibaki wamejikunyata. Akawaosha kuiondoa ile dawa, akangoja. Saa ya tano mmoja akaanza kuwaka. Punde akagawanyika, wakawa wawili.

 Dawa iliua walio macho, waliolala ikawapita. Mdogo wake alikuwa amemeza kila kidonge.

Alitoka mbio na koti la maabara mwilini. Wodini alimkuta fundi amekatwa mguu juu ya goti, na maambukizi yameshaingia kwenye damu.

"Hukuruka hata kimoja," alimwambia. "Nimeona kwa macho yangu. Nisamehe, mdogo wangu."

Fundi aliuliza, "Mke wangu umemwambia?"

"Bado."

"Kamwambie yeye. Mimi nilikuwa najua."

Siku ya tatu fundi alikata roho. Baada ya mazishi Mama Taa alimvuta wifi yake pembeni ya jiko, akamweleza yote, hata wale watatu. Wifi alisikiliza, sufuria mkononi.

"Kwa hiyo miezi miwili nimemnunia mume wangu," alisema, "kwa sababu wewe, msomi, ulisema ni mwongo."

 Wifi akageuka, akaendelea kusugua sufuria.