Mkono wa Bi Asya Mnarani

Rahila wa mtaa wa Madungu hupiga picha kwenye harusi za wanawake, kazi ambayo mwanamme haruhusiwi hata kuchungulia. Siku ya kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake wenzake, simu za wageni hukusanywa mlangoni, na kamera inayobaki ndani ni yake peke yake. Huko watu wako vichwa wazi, mabega wazi, wanacheza mpaka wanaloa jasho. Kwa hiyo mama wa bibi harusi humlisha yamini kwanza: picha hizi haoni mwanamme. Rahila hakuwahi kuivunja.

Asubuhi ile alikuwa na kazi nyengine. Mume wa jirani yake Bi Asya, marehemu Nyange, alikufa kwenye vita vya Kagera akazikwa huko huko. Kilichobaki kisiwani ni jina lake kwenye mnara wa mashujaa, ng'ambo ya kambi ya jeshi, na Bi Asya alitaka picha ya jina hilo ya kutundika ukutani.

Rahila alifika na Bi Asya, roho mkononi. Nani asiyejua mambo ya kamera karibu na kambi? Akaupiga mnara mzima harakaharaka, ukatoka kama nguzo ya umeme. Akaona haya, mume wa mtu hapigwi hivyo. Akapiga magoti, akangoja jua lije ubavuni, herufi zilizochongwa zishike kivuli, akamwambia Bi Asya aweke mkono chini ya jina wala asitazame kamera. Mnara karibu wote akauacha nje ya picha. Ukabaki mkono uliokunjana, na jina la Nyange. Akabonyeza, na machozi yakamlenga.

"Dada, hebu nione hiyo kamera."

Alikuwa askari, kijana, keshawafikia. Hapo ndipo Rahila alipokumbuka kwamba kadi ya memori iliyomo ndani ni ya harusi ya jana. Alirudi hoi, hakuibadilisha. Askari akirudisha nyuma picha mbili tatu tu, atamkuta mtoto wa watu kichwa wazi. Akafungua kifuniko, akaichomoa memori, akaiuma kwa meno mpaka ikakatika.

Askari akaunyooshea mnara kidole. "Sasa mbona unaivunja? Huyo wa chini ya Nyange ni babu yangu. Nimeona unavyompiga bibi, nkataka na mie unipigie jina lake."

Rahila akakaa chini. Hofu ya askari ilimtoka, ikaingia kubwa zaidi: jioni mama wa bibi harusi angekuja kutaka picha zake.

"Ntamwambia nini, Bi Asya? Harusi hairudiwi."

"Ntakwenda nawe, mwanangu. Ntamwambia yamini yake hukuivunja, na mie nliona kwa macho yangu." Bi Asya alikuwa bado ameshika jiwe. "Harusi yangu mie na Nyange haikupigwa hata picha moja, na naikumbuka yote, kwa kuwa nlikuwepo. Maziko yake ndo sikuwepo."

Rahila akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akamwomba askari simu yake, akarudi kupiga magoti mbele ya mnara, kuyapiga majina yote mawili.