Majani ya Dada na Matone ya Fedha

Fundi cherehani alikuwa akimpima mteja mabega, pini mdomoni, mteja alipogeuka na kumkazia macho. "Fundi, mbona macho yako manjano hivyo?"

Akasingizia vumbi la vitambaa. Alipobaki peke yake akasogelea kioo cha kujaribia nguo. Kweli bwana.

Kesho yake hospitalini daktari, mama mmoja mpole, akamwuliza anatumia dawa gani.

"Situmii dawa yoyote."

"Hata za miti shamba?"

"Aa, hayo majani tu, daktari. Ya goti. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, miezi mitatu sasa. Na matone ya fedha, ya chupa ya dukani, ya kusafisha damu."

Daktari akaweka kalamu chini. Majani nayo ni dawa, akamwambia, na mengine huliumiza ini. Matone yale yana chembechembe za madini ya fedha, ndogo hata jicho halizioni. Chupa zake hazisemi ni kiasi gani, wala yeye hawezi kujua zimetuama wapi mwilini. "Acha vyote leo. Tunapima damu sasa, halafu tena baada ya wiki mbili."

Fundi hakulala vizuri, na si kwa ajili ya ini peke yake. Majani alipewa na dada yake, muuza dawa sokoni, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Amwambieje? Siku ya tatu akapiga moyo konde, akamwendea.

Dada alisikiliza, mkono shavuni.

"Nilikwambia wiki mbili, wewe ukanywa miezi mitatu!" akafoka. Kisha sauti ikashuka. "Lakini mdogo wangu, kusema kweli, hata mimi sijui yana nini ndani."

Akayaondoa majani hayo kwenye meza yake ya sokoni mbele ya wateja, akafunga fungu moja ili fundi ampelekee daktari.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Dada alikataa kuketi. Daktari akaisoma karatasi polepole, akatabasamu. "Ini linapona. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Dada akashusha pumzi, akacheka huku analia. "Ningekuua kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Ungemkosa wa kukushonea," fundi akamjibu.

Wakaingia mkahawa wa karibu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi fundi alisikia njaa; akamaliza sahani yake, akaivuta na ya dada.