Akiru alisema kata, mbuzi ikakatwa

Basi Lokwang akakata kweli!

Mbuzi ikalala hapo mbele ya kamera.

Mjukuu wangu Akiru anatengeneza filamu yake ya kwanza hapa Nawoitorong. Kesho lazima ifike kwa watu wa televisheni Nairobi, ndio waone kama watampa kazi.

Kusimamisha kamera alikuwa anasema "cut". Lokwang, huyu jirani anaigiza mchinjaji, akalalamika: "Wewe msichana, ongea Kiswahili tuelewe!"

Akiru akatii. Akasema, "Kata!"

Eeh.

"Si umesema kata?"

"Nilimaanisha simama, babu!"

Na hiyo mbuzi nyeupe, mwisho wa filamu inaponea, inakimbia kurudi nyumbani! Sasa itakimbia na miguu gani? Iko kwa sufuria.

Mimi hata kukaa siwezi. Nazunguka tu hapa uani nikiongea, simu inaandika.

Semeni nyinyi: watu wa televisheni wanajua mbuzi kwa uso kama sisi?

Ngojeni, Akiru ananiita mimi nyanya yake.

"Ata! Tumepata ingine, lakini ni nyeusi! Kuja na unga tuipake!"

Unga yote?

Haya, naenda.