Kazi ya Aliyeondoka

Katika masjala yetu, chumba chenye rafu kumi na mbili na dirisha moja lisilofunguka, hakuna anayekosea. Wakosaji wote wameshaacha kazi.

Utaratibu huo tuliurithi kwa karani mkuu, tuliyemwita Miwani. Faili likipotea, alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akashusha sauti: "Pole sana. Kuna mtu alikuwa hapa, ameondoka, ametuachia balaa." Nani atagombana na mtu asiyekuwepo? Alipoondoka mpiga chapa, tukamtwika makosa ya miaka minne. Alipohama dada wa mihuri, mpiga chapa akapumzika, zamu ikawa ya dada. Mgeni akija kazini, alionyeshwa kwanza wa kulaumiwa, kisha choo.

Mwaka jana Miwani naye akaacha kazi kwa mbwembwe, akidai tutamlilia. Kweli tulimlilia, tena kila siku, mbele ya kila mteja.

Jumatatu akarudi. Alikuwa amepata ukarani katika shule moja, na mkuu wa shule alitaka barua ya utumishi iliyomo kwenye faili lake kabla ya saa tisa mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mezani alikuwepo binti mpya, asiyemjua. Mimi nilijibanza nyuma ya rafu, maana binti huyo nilimfundisha mwenyewe.

"Shikamoo, baba. Faili la mtumishi wa zamani? Mh!" Akashusha sauti. "Kuna mtu alikuwa hapa, wanamwita Miwani. Ameondoka, hakuacha kitu mahali pake. Mvivu yule, sijui alikuwa analipwa kwa lipi!"

Miwani akavua miwani yake, akaitia mfukoni.

"Watu wengine, bwana!" akasema.

"Acha tu. Lakini nitakutafutia, baba yangu. Ulikuwa idara gani?"

Ilikuwa saa nane na robo. Miwani akakohoa, akatazama sakafu.

"Udereva," akasema, akamtajia jina lake halisi, ambalo binti hakuwahi kulisikia.

Binti wa watu akapanda ngazi, akapekua rafu nzima ya madereva, faili moja moja, mpaka jasho likamtoka. Faili la Miwani lilikuwa kwenye droo yangu tangu mwezi wa pili, nilipolichukua nikasahau kulirudisha. Niliona aibu, lakini si ya kunitoa nyuma ya rafu.

Saa tisa kasoro dakika tano binti akashuka, mikono imejaa vumbi.

"Umeona, baba?" akasema. "Miwani huyo!"